Chai ya Mama Ilipokataa Mbagala

Mama yangu alichuma chai Mufindi kwa miaka 21. Aliondoka alfajiri, ukungu bado umelala juu ya mashamba, kapu mgongoni, nailoni imefungwa kiunoni ili umande wa vichaka usimloweshe. Kinachochumwa ni majani mawili na kichipukizi chake. Jani la tatu limeshakomaa, na likionekana kwa wingi kwenye kapu, kilo zinakatwa. Kichaka kile kile hurudiwa baada ya wiki moja hadi mbili, ila mavuno hupungua Juni na Julai baridi inapobana. Nayasema haya ili ieleweke kuwa nilikulia ndani ya chai. Sikuwahi kufikiri kwamba ningekuja kuhitaji kujifunza namna ya kuichemsha.

Nyumbani chai ilikuwa na sufuria yake, ndogo, ya alumini, nyeusi kwa nje kwa sababu ya moshi na ndani imeshika rangi ya kahawia isiyotoka. Mtu akinyoosha mkono aichukue achemshie mboga, Mama alisema maneno manne tu: "Hiyo ni ya chai." Haikupikiwa kitunguu, haikupashiwa maharage. Majani yalikuwa yale ya chembe ndogo kabisa, ambayo kiwandani huitwa vumbi. Jina hilo huwapotosha watu wakadhani ni takataka zilizofagiliwa sakafuni. Sivyo. Jani likifika kiwandani hunyaushwa, kisha hupitishwa kati ya magurudumu ya chuma yenye meno yanayolisaga, kulichana na kulikunja kwa mpigo mmoja. Mtambo huo ulibuniwa Assam, India, miaka ya 1930, na ndio uliotuletea chai yetu hii ya punje punje. Baada ya hapo jani huachwa hewani libadilike kutoka kijani kuwa la shaba, hukaushwa kwa joto, ndipo huchekechwa kwa vyekecheo vya matundu tofauti. Vumbi ni kile kinachopita tundu la mwisho. Ni jani lile lile la Mama, ila limekatika zaidi, kwa hiyo hutoa rangi na ukali haraka kuliko punje kubwa.

Kijiko kimoja kilitosha watu watano. Chai ilimiminwa kwenye vikombe vyeupe vya bati vyenye ukingo wa bluu, nayo iling'aa, nyekundu kama shaba iliyosuguliwa. Jirani akisema "Kamwene" mlangoni, kikombe chake kilikuwa kimeshajazwa kabla hajaketi.

Nilikuja Dar es Salaam mwaka 2009 nikiwa fundi umeme, nikapanga chumba Mbagala. Asubuhi ya kwanza nilinunua majani dukani, nikawasha jiko la mkaa, nikachemsha. Ilitoka chai ya rangi ya tope. Haikuwa nyekundu wala nyeusi, na juu yake palikuwa na utando mwembamba kama mafuta. Nilipoinua kikombe ule utando ulipasuka vipande vipande, na nilipomaliza kunywa uliacha duara la kahawia ukutani mwa kikombe. Ladha ilikuwa bapa. Nikaamua kwamba majani ya mjini ni mabovu.

Uamuzi huo ulinigharimu miaka saba. Nilibadilisha aina ya majani kila mwezi. Nilijaribu ya vifuko, nikawa natia vifuko vitatu kwenye kikombe kimoja. Nilipoongeza majani, chai ikawa chungu bila kuwa na harufu, kwa hiyo nikaongeza sukari kufunika uchungu. Nilipooa, mke wangu, ambaye ni mtu wa Tanga, alishangaa kuniona natia vijiko vinne. Yeye alitia iliki na mdalasini, na kwa kweli viungo viliificha ile kasoro kiasi cha kuniridhisha. Lakini chai ya rangi isiyo na kitu, ile ninayoipenda, ilibaki mbaya.

Aprili 2016 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili, na Mama akaja kutoka Mufindi kumwona mjukuu. Alibeba mfuko wa majani, kilo mbili, umefungwa mara tatu usipate unyevu. Nilifurahi kama mtoto. Asubuhi iliyofuata aliamka kabla ya kila mtu, akawasha jiko, akapika chai yake mwenyewe, kwa mikono yake, kwa majani yaliyotoka mashamba aliyoyajua. Nikakaa kwenye kigoda nikisubiri.

Ilitoka ile ile ya tope.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. Akainusa. Akainywa kidogo, akaweka kikombe chini. Kisha akachota maji mabichi kwenye ndoo kwa kiganja, akaonja, akatema.

"Baba, haya maji mnayatoa wapi?"

"Kisimani, Mama. Kisima cha kuchimba, kwa jirani hapo."

"Haya siyo ya chai."

Nilikuwa nimeyanywa maji hayo miaka saba. Nilikuwa nimeona jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu nikifua, nilikuwa nimekwangua ukoko mweupe ndani ya jagi la umeme, na hata siku moja sikuviunganisha viwili hivyo na kikombe changu cha asubuhi. Maji ya visima virefu sehemu nyingi za Dar yana chumvi, na mengi yana chokaa iliyoyeyuka ndani yake. Chokaa ikikutana na chai ya moto hushikana na vile vitu vya majani vinavyoleta rangi na ukali, na kinachozaliwa hapo ndicho ule utando wa juu. Maji yale yale pia huua mng'ao, chai ikapiga weusi na ukijivu. Majani hayakuwa na kosa lolote. Niliyalaumu bure.

Ilikuwa masika, bahati nzuri. Mvua iliponyesha jioni, Mama aliacha bati lioshwe kwanza na mvua ya mwanzo, kisha akatega ndoo kwenye mchirizi. Kesho yake tulipika sufuria mbili, moja ya maji ya kisima na nyingine ya mvua, kijiko kimoja cha majani kila moja, moto mmoja. Tukamimina kwenye bilauri za kioo na kuziweka dirishani. Mke wangu alikuja na kichanga mkononi akasimama kutazama. Bilauri moja ilikuwa tope, nyingine shaba. Mama hakusema neno. Alichukua ile ya shaba akanipa, na nilipoonja nilijikuta nimefumba macho.

Tangu siku hiyo maji ya chai nyumbani kwangu yana ndoo yake yenye kifuniko, mbali na ya kupikia ugali. Masika na vuli ni ya mvua. Kiangazi nanunua ya dukani, yale madumu makubwa, kwa ajili ya chai peke yake. Wapo wanaoniona napoteza pesa. Lita moja yatupa chai ya watu wanne, na sukari niliyopunguza inalipa hayo maji na chenji inabaki. Kwa asiye na njia ya kupata maji mengine, ndimu inasaidia: matone machache kwenye chai ya rangi huvunja ule utando kwa sababu ya ukali wake, na rangi inafunguka. Ila ndimu na maziwa haviendi pamoja, hilo kila mtu analijua.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo Mama aliligundua kwa ulimi kabla mimi sijapata maelezo yake. Hata kwa maji ya mvua, alipoacha chai ichemke muda ule aliozoea, ilitoka chungu kuliko ya nyumbani. Mufindi iko juu, kati ya mita 1,800 na 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 94. Mbagala, karibu na bahari, huchemka kwa nyuzi 100. Maji ya moto zaidi hukamua jani kwa haraka zaidi, na jani la vumbi halina pa kujificha. Mama akajifunza mjini, uzeeni, kupika chai upya. Maji yakitokota anatia majani, anahesabu kama dakika mbili, anaipua, anafunika, anaiacha itulie dakika moja, anachuja. Nami nafanya hivyo hivyo.

Wiki ile ile mama mkwe wangu aliwasili kutoka Tanga. Jiko letu lilikuwa dogo na lilibeba wazee wawili, kila mmoja na chai yake. Nilihofia. Mama mkwe chai ya rangi huiita mkandaa, kwa kuwa wekundu wake unafanana na maji ya gome la mkandaa, mti wa mikokoni unaotumika kutia rangi. Kwake yeye mkandaa ni chai ya mchana. Asubuhi ni maziwa na viungo. Alikuja na kinu chake kidogo na mchi wake, kwa sababu, alisema, tangawizi iliyoparuzwa kwenye kiparuzio inatoka nyuzi bila utomvu.

Yeye ndiye aliyeniondolea aibu niliyoibeba tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Wakati ule walikuja wageni, wajomba zake mke wangu, nikataka niwapikie mwenyewe. Niliweka maziwa jikoni, yalipopata uvuguvugu nikatia tangawizi iliyopondwa, na mbele ya macho yangu maziwa yakakatika mabonge mabonge. Niliyamwaga nikidhani muuzaji alinipa maziwa yaliyolala. Nilimwambia hivyo muuzaji usoni kwake, na sikumwomba radhi mpaka baada ya hiyo Aprili.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema nilipomsimulia, "tangawizi haiingii kwenye maziwa ambayo hayajachemka. Ianze na maji, ichemke mpaka nyumba inukie, maziwa yaje mwisho."

Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa, kwa namna inayofanana na inavyofanya dawa ya kugandishia jibini. Moto mkali unakiua. Huko Guangdong, kusini mwa China, watu hukitumia makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, yakaganda kama faluda laini, wakala kwa kijiko. Sisi tunataka chai, kwa hiyo tangawizi itangulie. Iliki na mdalasini havina shida hiyo, lakini navyo mama mkwe huvitia mwanzoni na maji, na karafuu huweka moja tu, kwa sababu karafuu mbili zinakufanya unywe karafuu.

Kuhusu vyombo sasa, maana hapo ndipo nilipotupa pesa nyingi.

Jagi la umeme nililinunua mapema, nikijidai ni fundi. Ni chombo kizuri kwa kazi moja, kuchemsha maji. Langu ni la wati 1,800, linachemsha lita moja na nusu kwa dakika nne hadi tano, na lita moja inakula chini kidogo ya sehemu ya kumi ya yuniti ya umeme. Kwa mtu anayekwenda kazini saa kumi na moja alfajiri, hilo ni jambo kubwa. Lakini nililitilia maziwa siku moja mke wangu alipokuwa kwao. Maziwa yaliungua kwenye kitako, yakafura yakatoka kwa mdomo wa jagi, yakaingia kwenye kiunganishi cha umeme chini, na umeme wa nyumba nzima ukakatika. Harufu ya kuungua haikutoka wiki mbili. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwaonya watu kuhusu maji na umeme. Ukoko mweupe ndani ya jagi nautoa kwa ndimu: najaza maji nusu, nakamulia ndimu tatu au nne, nachemsha, naacha nusu saa, namwaga na kusuuza. Ukoko ukiachwa unene, joto linachelewa kuyafikia maji.

Sufuria nilipoteza nayo muda pia. Niliwahi kununua ya chuma kisichoshika kutu, nyembamba, inayong'aa, nikaona nimepanda daraja. Maziwa yalishika chini kila siku. Nilirudi kwenye alumini nzito yenye kitako kinene, ndogo, isiyo na kazi nyingine. Maziwa yakitaka kupanda, naweka mwiko wa mti kukingama juu ya mdomo wake, na namaanisha mwiko mkavu, usiopikiwa mchuzi.

Chujio ni kitu kidogo kilichonisumbua kuliko vyote. Yale ya plastiki yenye matundu mapana yanafaa majani makubwa. Vumbi linapita lote, ukifika mwisho wa kikombe unatafuna. Isitoshe, plastiki ikikutana na chai inayotokota kila siku inalegea na kuanza kunuka. Nina la waya lenye matundu ya karibu karibu, na nalisugua kwa mswaki wa zamani kila jioni, kwa kuwa mabaki ya maziwa hukaukia kwenye matundu na kuipa chai ya kesho uchachu.

Halafu chupa ya chai. Sijui nyumba ya Kitanzania isiyo na chupa ya maua mekundu juu ya meza. Kioo cha ndani ni kuta mbili zilizopakwa rangi ya fedha, na katikati yake hewa imenyonywa, ndiyo maana joto halina njia ya kutokea. Mwanasayansi wa Uskoti, James Dewar, alibuni chombo cha namna hiyo mwaka 1892 kwa ajili ya kuhifadhia gesi zilizopozwa mno, wala hakuwa na habari ya chai. Nimevunja vitatu. Viwili vilipasuka kwa sababu moja: chupa imelala baridi usiku, alfajiri unamimina chai ya kutokota ghafla. Siku hizi naanza na maji ya uvuguvugu, nayazungusha, nayamwaga, ndipo chai iingie. Mama mkwe alinionyesha kuiosha kwa kiganja cha mchele mkavu na maji ya vuguvugu, unatikisa kwa nguvu, mchele unakwangua kule mkono usikofika. Na kifuniko kisifungwe chupa ikiwa tupu, la sivyo kesho inafunguliwa na harufu ya jana.

Chupa ina ukomo wake. Chai ya rangi inakaa mpaka mchana bila tatizo, mradi imechujwa. Ya maziwa haikai vizuri zaidi ya saa chache. Inaendelea kujipika mle ndani, iliki inageuka sabuni, na ikianza kupoa maziwa yanaharibika. Kwetu tunaweka ya rangi kwenye chupa, maziwa yanachemshwa pembeni kwa anayetaka.

Tukizungumzia sabuni: majani ya chai hunyonya kila harufu. Pakiti ikikaa dukani juu ya rafu moja na sabuni za kufulia, utaijua ladha yake. Mimi nauliza wameyaweka wapi kabla sijanunua, na nyumbani yanakaa kwenye kopo la bati lenye kifuniko kinachobana, mbali na iliki.

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito kuliko haya yote. Mke wangu alipokuwa na mimba ya huyo mtoto wetu wa pili alikuwa na upungufu wa damu. Alimeza vidonge vya kuongeza damu kila siku, akivishushia kwa chai, kwa kuwa vinachefua na chai ilimtuliza. Vipimo havikupanda. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Unavinywa na nini?" Chai hufunga madini ya chuma, hasa yanayotoka kwenye maharage, mchicha na nafaka, mwili ukashindwa kuyachukua. Aliambiwa aiache chai saa moja kabla na saa moja baada ya chakula na vidonge. Vipimo vilivyofuata vilipanda. Kwetu "kunywa chai" maana yake ni kula asubuhi, chai na chakula ni neno moja, kwa hiyo kuvitenganisha haikuwa rahisi, na kwa wajawazito na watoto wadogo nahimiza kwa moyo wote vitenganishwe.

Mama alikaa nasi miezi miwili. Siku ya kuondoka aliniachia majani yaliyobaki, akachukua chupa moja ya maua mekundu aliyopewa na mama mkwe, akaifunga ndani ya khanga. Kila mwaka mwezi wa Machi hunipigia simu, na baada ya salamu huuliza, "Mvua imeanza huko? Mmesafisha mchirizi?"

Masika iliyopita mvua ilitukuta bila ndoo. Yule binti aliyezaliwa Aprili ile alikimbia jikoni, akatoka na sufuria ndogo, akasimama nayo chini ya bati, nywele zinachuruzika. Nilimwita aiache, achukue beseni.

"Baba," akajibu bila kugeuka, "hii ndiyo ya chai."

Nikachukua beseni mimi, nikasimama pembeni yake.